Shangazi wa Langoni anajibu: ukuta unaotoa chumvi, wifi wa wiki sita na punda aliyekula achari

Haya jamani, asalaam aleikum, joto mwalionaje? Naandika haya saa kumi na moja alfajiri kwa sababu jua likishatoka simu yenyewe yateleza mkononi kwa jasho, na feni yangu inazungusha upepo uleule wa jana. Kaskazi ndio imeanza kushika, embe zimejaa sokoni, shule zimefungwa, watu wa Mombasa na Nairobi wanashushwa hapa Lamu kwa boti kutoka Mokowe na mabegi makubwa kama wanahama, na kila kichochoro nikipita ama nyumba yapakwa chokaa ama sufuria za harusi zaoshwa. Manake kila mtu ataka kuozesha kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ya 2026 inaingia kama tarehe 18 Februari hivi, mwezi ukiandama.

Meseji za mwezi huu karibu nusu ni za kuta na dari. Mimi si fundi, nisije nikashtakiwa, ila nimezaliwa na nimezaa ndani ya nyumba ya mawe, na marehemu baba alikuwa mgeni hapewi kahawa mpaka aoneshwe boriti zilivyopangwa. Mengine nimemsumbua fundi wangu hadi akazima simu.

Shangazi shikamoo. Nyumba yetu iko Mkomani, ya urithi, tuko ndugu wanne. Mwaka jana shemeji yetu wa Mombasa, mtu mzuri tu hana neno, alikuja na fundi wake wakapiga plasta ya sementi msana wote wa tini, kile chumba kirefu cha chini, mpaka kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, ikatoka laini kama kioo, tukapaka na rangi ya dukani juu yake. Mwaka haujaisha, sasa kutoka chini mpaka usawa wa kiuno ukuta watoa unga mweupe, rangi yavimba yabambuka, na juzi usiku kipande ukubwa wa sinia kikaanguka tukadhani mwizi. Harusi ya mdogo wangu ni wiki tano kutoka leo. Shemeji asema tupige sementi nyingine nzito zaidi. Tufanyeje? — Mwenye Daka

Marahaba mwanangu. Msipige. Mfuko wa sementi kama mshaununua urudisheni dukani au mpeni mtu anayejenga kwa matofali.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, yametoka baharini yale, ukilivunja moja utaona vitundu vitundu kama sponji. Yanavuta maji kutoka chini kwenye msingi, na maji ya kisiwa hiki mwayajua ladha yake. Ukuta uliopigwa chokaa wapumua, ule unyevu wapanda na kutokea usoni kidogo kidogo, upepo waubeba, hakuna anayejua. Ukiuziba na sementi unyevu unakosa mlango, unarundikana nyuma ya plasta ama unapanda juu kutafuta pengine pa kutokea, maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda, inakua, inasukuma. Unga mnaoufagia kila asubuhi ndio huo, onja kidogo kwa ncha ya ulimi utaniambia. Sasa anayetaka kuongeza sementi nzito ni kama mtu amemuona mgonjwa atoka jasho akaenda kumletea blanketi la pili.

Kazi yenyewe ni hivi. Hiyo plasta itolewe yote pale ilipoharibika na kama mkono mmoja juu zaidi ya pale, kwa nyundo ndogo na patasi, taratibu, si mtarimbo, kwa sababu sementi imelishika jiwe kwa nguvu kuliko jiwe linavyojishika lenyewe, ukipiga kwa hasira yatoka yote mawili na ukuta wabaki na mashimo. Ikishatoka piga burashi kavu, chumvi ifagie uitupe nje kabisa, usimwagie maji ukuta ukidhani unauosha, utakuwa umeirudisha chumvi ndani kulala. Halafu acha. Hapo kwenye kuacha ndipo watu wanaposhindwa, kila mtu ataka aone laini leo leo.

Na hapa nkwambie ukweli ambao hutaupenda, ukuta wenye unene ule haukauki kwa wiki tano. Kwa hivyo harusi ifanyeni na ukuta mgonjwa. Toeni sementi, pigeni burashi, pakeni chokaa nyepesi ya maji kama pazia tu, kisha pambeni: mikeka, leso, vitambaa vya kijani na vyekundu, taa, maua, nani atakaa aangalie plasta na bibi harusi yuko mbele? Mkimaliza harusi uacheni ukuta upumue mpaka fundi ashike chokaa, na mjitahidi iishe kabla ya masika ya Aprili, ikishindikana subirini mvua ipite ndio muanze.

Siku ya kupiga, chokaa iwe imeloa vya kutosha, wazee walikuwa wakiifukia shimoni miezi na miezi, ikitoka laini kama siagi. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, lakini mchanga usiuchote ufuoni eti wa bure, una chumvi na mtarudi palepale. Na kwa kaskazi hii upepo wakausha haraka mno, plasta ya chokaa ikikauka haraka yapasuka nyufa kama matope ya kisima, kwa hivyo ukuta urushiwe maji kwanza, kazi ifanywe asubuhi mapema au baada ya alasiri, na usiku ufunikwe magunia yaliyoloa. Ya kupaka mwisho iwe nyepesi kama maziwa, mara nne mara tano, kila mara ukiipaka utaiona kama maji tu yasiyofunika kitu, kesho yake ukuta ni mweupe. Glavu vaeni, na watoto wakae mbali, chokaa yaunguza, ikiingia jichoni ni maji mengi sana na hospitali, hakuna kusubiri.

Daka lenyewe na chochote kinachoonekana kutoka njiani, pitieni kwanza kwa watu wa uhifadhi pale Makumbusho, mji wetu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na mambo ya mbele ya nyumba yana utaratibu wake. Zidaka, vile vishubaka vya nakshi vya ukutani, kama mnazo na zimeanza kumomonyoka, hizo hata fundi wa chokaa wa kawaida asiziguse, mtafuteni mtu wa zidaka.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Arubaini ya mtoto wangu wa tatu nikataka chumba king'ae, nikanunua rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, nikapaka kwa mikono yangu na nimejifungua juzi juzi tu. Kabla mtoto hajaota jino ukuta ukatoa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Marehemu baba alikuja akayapasua moja moja kwa kidole, paa, paa, paa, hakusema neno, akaenda zake msikitini.

Ah na shemeji. Asiambiwe kwenye grupu la familia la WhatsApp, nawaomba. Alitoa pesa zake na mapenzi yake. Mama yenu amwite amuoneshe ile chumvi, amwambie mwanangu nyumba hii imekataa sementi. Imekataa nyumba, hajakataliwa yeye.

Shangazi, birika letu la maji la zamani, lile tangi la kuogea, limejaa viluwiluwi vya mbu, watoto wanaumwa usiku kucha, niweke dawa gani? — Mchovu wa Kujikuna

Weka samaki. Wale wadogo wadogo, bibi zetu walikuwa nao ndani ya birika, wanakula viluwiluwi vyote na hawakudai mshahara, na wengine waliweka na sahani ya kaure chini kabisa, samaki wakapata pa kukaa maji yakipungua. Muulize mtu mzima yeyote mwenye birika hai atakugawia wawili watatu kwenye kikombe. Usimwage dawa kwenye maji ya kuogea watoto. Na ndoo na makopo yaliyotupwa uani yapindue, manake utawalaumu samaki bure na mbu watoka kwenye tairi bovu.

Salaam Shangazi. Chumba cha ndani boriti moja imebonyea katikati na kila asubuhi nafagia vumbi laini chini yake kama unga wa mtama. Mume wangu ni mvuvi, akirudi aiangalia asema itakaa hiyo, imekaa tangu babu. Watoto wangu walala hapo hapo chini. Nina wasiwasi ama ni mimi tu? — Mama wa Wanne

Si wewe tu mamangu. Leo usiku watoto walale chumba kingine. Hata usimalize kusoma, kahamishe magodoro kwanza ndio urudi.

Umerudi? Haya. Hiyo dari juu si mbao tupu, ni mawe na chokaa yamelazwa juu ya boriti, uzito wake si mchezo, na boriti moja ikilegea wenzake ndio wanaobeba. Mwambie fundi au hata kaka yako aweke nguzo ya kuegemeza, na juu yake kibao kipana cha kukamata boriti, na chini kibao kingine, isije ikatoboa sakafu. Hiyo ni kazi ya nusu saa na yaweza kukaa mpaka pesa ipatikane.

Kisha chukua mpini wa kisu ugonge boriti moja moja ukisikiliza. Nzima yajibu kama mlango, iliyoliwa yajibu kama boga. Ukiona vijia vya udongo vimepanda ukutani mpaka kwenye kichwa cha boriti, huyo ni mchwa, ukiona vumbi tu na vitundu vidogo, ni mdudu wa mbao, na vyote viwili vinapenda penye unyevu kwa hivyo swali la kwanza la fundi mzuri litakuwa juu kuna nini? Kama juu ni choo au pale mnapofulia, basi hata ukiweka boriti ya chuma italiwa na kutu. Ziba maji kwanza.

Ukienda kununua, huku mikoko yauzwa kwa korja, yaani 20, na majina ni kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Wewe hutaki korja nzima, wataka moja au mbili, ongea vizuri na muuzaji atakutolea. Chukua iliyonyooka, iliyotolewa maganda, iliyokauka, ya mkoko wenyewe, na pima chumba kwa kamba kabla ya kutoka nyumbani, kila upande izame ndani ya ukuta, isikae pembeni kama mgeni. Unajua ndio sababu vyumba vyetu ni vyembamba virefu, boriti ndiyo iliyoamua, wala si mjenzi. Na muulize muuzaji karatasi za ruhusa ya kukata, tangu ile marufuku ya 2018 iliyowaacha wakataji wetu bila kazi mambo ya mikoko yaangaliwa sana.

Mume akirudi mkalishe palepale chini ya boriti, mpe chai, na vumbi liingie kwenye kikombe. Huna haja ya kusema kitu.

Shangazi nisaidie. Wifi yangu amekuja kutoka Nairobi na watoto wanne, likizo hii ya shule, na atakaa wiki sita. Naamka saa kumi kukanda mahamri, wao waamka saa nne. Maji wanaoga mara tatu kwa siku na bomba wanaacha wazi, feni zote zinawaka hata vyumba visivyo na watu, na tokeni za stima nanunua mimi kila siku. Juzi nikamwambia wifi tupunguze, akanijibu "mimi niko kwetu." Mume wangu amenyamaza. Mama mkwe asema mwacheni mwanangu apumzike. Nimechoka natamani mimi ndio nende Nairobi. — Aliyechoka, Shela

Pole mwenzangu, pole sana, na mahamri ya saa kumi usiku ndiyo yaliyonitia uchungu zaidi.

Tuanze na hilo neno lake. Ni kwao. Ni nyumba ya baba yake, na ukipigana na hilo utapigana na kaburi, hutashinda, utaonekana wewe ndiye mgeni unayefukuza wenyewe. Kwa hivyo lichukue hilo neno ulitumie. Kama ni kwake basi si mgeni, na asiyekuwa mgeni anapewa zamu. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Shela majembe ya nini, mpe ndoo. Mwambie kwa upole kabisa, na mkiwa mmekaa wawili mnachambua mchele si mmesimama mlangoni, "wifi, nimefurahi uko kwenu, sasa tugawane nyumba yetu: Jumatatu mpaka Jumatano jikoni mimi, Alhamisi mpaka Jumamosi wewe, Jumapili twala viazi karai vya dukani." Usiseme neno pesa siku hiyo. Siku ya pili ndio useme tokeni, na useme ukiwa na ile meseji ya kampuni ya stima mkononi, anunue yeye moja wewe moja.

Watoto wa Nairobi mimi nawapenda, wajinga tu hawajui. Bomba kwao latoka maji na hawajui yatoka wapi. Chukua asubuhi moja uwapeleke watembee mpaka kwenye vilima vya mchanga, waambie haya ndiyo matangi yetu, mvua yashuka humu yakaa chini ya mchanga, visima vya Shela vyavuta hapa, na mji mzima wa Lamu wategemea mchanga huu. Wachimbe kwa mikono wauone unyevu. Halafu wakirudi wape kata na ndoo moja moja, waambie wa kwanza kumaliza kuoga na maji yakabaki nusu ndoo apata embe ngowe nzima peke yake bila kugawana. Niliwafanyia hivi wajukuu zangu wa Nairobi, siku ya tatu wakaanza kushindana na kuchunguliana ndoo, wa mwisho akawa haogi kabisa ikabidi tumlazimishe.

Walalapo je? Hukusema, lakini nahisi wako katikati ya nyumba. Kama mna sabule iliyojaa magunia na baiskeli mbovu, ifungueni. Wazee hawakuwa wajinga, chumba cha mgeni walikiweka karibu na mlango, aingie atoke bila kukukanyaga na mwenye nyumba apate kuvua buibui. Fagieni, piga chokaa, weka kitanda cha kamba, wifi apate mlango wake na wewe upate wako. Wiki sita kwenye mlango mmoja hata mimi na dada yangu tungeng'oana nywele.

Mama mkwe mwache, mama akimtetea mwanawe aliyemkosa mwaka mzima hakusemi wewe. Mume ndiye sijamwelewa. Huyo mwambie achague, akande mahamri au aongee na dada yake, vyote viwili ni halali. Na mahamri ya saa kumi komesha leo. Kanda usiku, uumuke taratibu kwenye kona yenye baridi kidogo, asubuhi ni kukata na kukaanga, na wanaoamka saa nne wakute baridi.

Rafiki yangu wa tangu chuoni anaolewa Januari, grupu la marafiki limeamua sare tatu: dera la vugo, ile ngoma ya wanawake, gauni la siku ya kupamba na leso zake za kesha. Kazi yangu ni ya msimu, hizo pesa sina. Nikikataa nitaonekana sina mapenzi? — Sina Sare

Sare moja. Chagua leso, ndio rahisi na utaitumia miaka. Siku nyingine vaa nguo yako nzuri kuliko zote ukae karibu na mama harusi, hapo kwenye sufuria, wenye kazi hawaulizwi sare. Na mwambie bibi harusi mwenyewe, usiliambie grupu. Tisa kwa kumi hajui hata kama zimefika tatu, zile tatu zimetungwa na mmoja mwenye cherehani.

Wanangu wawili wataka kuuza aisi za ubuyu mlangoni likizo hii, ni sawa? Nilikuwa nauza mimi utotoni kwenye vile vifuko vya nailoni. — Baba wa Wafanyabiashara

Sawa sana, ila nailoni sahau, Kenya tumepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017 na hao watoto utawatia matatani bure. Wagandishe kwenye vikombe vidogo vya chuma au bilauri, mteja anyonyee palepale arudishe kikombe. Maji yachemshwe, sukari isizidi, na barafu ikiyeyuka kwa sababu stima imepotea waseme ni juisi na bei ipungue. Mtaji uwakopeshe, usiwape. Nilimpa wangu bure akala mtaji wote na rafiki zake kwa siku moja, akaniambia wateja hawakuja.

Shangazi, mwezi uliopita ulimwambia mtu asafishe njumu, ile misumari ya shaba ya urembo, za mlango wa kuchongwa kwa ndimu na majivu. Mimi ni mchongaji. Umetuharibia milango. — Fundi Aliyekasirika

Fundi wangu, nimekosa, nakubali mbele ya kadamnasi. Anieleza, na ni kweli, kwamba ndimu ni ya shaba tu, ikishukia kwenye mbao yaacha doa na yakausha uso, na majivu yaingia kwenye mapengo ya nakshi yakikaa na unyevu hayatoki tena. Basi mliokuwa mmeshaanza: njumu moja moja kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kidole, karatasi ngumu ikatwe tundu izungushwe kulinda mbao, ukimaliza ufute kwa kitambaa kibichi kisha kikavu. Mbao zenyewe burashi laini kavu yatosha. Wale mliopaka mafuta ya nazi ili ung'ae, sikuwaambia mimi hilo, yavuta vumbi la mji mzima likaganda, jitahidini kulifuta.

Shangazi, nimeanika embe za achari barazani, sinia mbili, nishazitia chumvi, nikaingia ndani kujibu simu. Kurudi punda wa jirani ashapiga nusu sinia na mdomo wake umejaa chumvi mpaka puani. Jirani badala ya kuomba radhi asema punda wake ameanza kuumwa tumbo na ataka nilipe mimi. Nani alipe? — Mwenye Achari

Nimecheka mpaka mjukuu amekuja kuangalia. Jirani yako ana uso mgumu, baraza ni lako na embe ni zako, punda ndiye aliyekuja bila mwaliko. Hulipi kitu. Lakini kama kweli punda ajigaragaza, atazama tumbo lake na hataki kula, hilo si mzaha, tumbo laweza kumuua punda, aache maneno ampeleke mara moja pale Donkey Sanctuary hapo mbele ya bahari, wako Lamu tangu 1987 na wamewaona punda waliokula vitu vibaya kuliko embe. Mwende pamoja, njiani mtapatana tu.

Zile embe alizozigusa tupa, zilizobaki osha kwa maji ya chumvi, anika upya juu ya paa siku mbili tatu, funika chandarua cha zamani cha mtoto. Sinia moja na nusu yatoa chupa nne nzuri. Pilipili usiogope. Moja niletee, nyumba yangu ni ile yenye ndoo ya bluu mlangoni, na ukija barazani usiache sinia.